Kura Zinapohama: Namna Makundi ya Wapiga Kura Yanavyobadili Vyama

Wilaya ya Muheza iko nyuma ya mji wa Tanga, mwendo wa kilomita zipatazo 40 kwa reli. Reli hiyo, ambayo ndiyo ya kwanza kujengwa katika Tanganyika, ilifika Muheza mwaka 1896. Tangu wakati huo Muheza na Tanga zimekuwa kama chumba na ukumbi wa nyumba moja: mkonge na chai ya milima ya Usambara Mashariki vilipita hapo kuelekea bandarini, na machungwa ya Muheza hata leo huuzwa katika masoko ya Tanga kabla hayajafika kwingineko. Wabondei, Wadigo, Wasambaa na Wazigua wana ndugu pande zote mbili. Waislamu na Wakristo wamo pande zote mbili.

Hata hivyo, katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 2015 majirani hawa wawili walitoa majibu tofauti. Jimbo la Muheza lilibaki mikononi mwa Chama cha Mapinduzi, CCM. Jimbo la Tanga Mjini, lililokuwa la CCM mwaka 2010, lilichukuliwa na mgombea wa Chama cha Wananchi, CUF. Miaka mitano baadaye, mwaka 2020, Tanga Mjini lilirudi CCM, na Muheza halikuondoka kamwe.

Mambo ya namna hii hayakosi wafasiri. Barazani utasikia kwamba sababu ni dini. Mwingine atasema ni kabila. Wa tatu atasema ni fedha. Tafsiri hizo hutolewa kwa sauti ya uhakika, na mara nyingi huacha kidonda, kwa maana mtu akishaamini kwamba kundi fulani ni mali ya chama fulani, huwa rahisi kwake kuamini pia kwamba kundi hilo halistahili shule, barabara au maji chama kingine kinaposhika madaraka. Kwa hiyo swali la jinsi makundi ya wapiga kura yanavyohama si swali la wanasiasa peke yao. Ni swali la elimu, nalo lina njia zake za kuchunguzwa, ambazo mwanafunzi wa sekondari mwenye kalamu na hesabu za asilimia anaweza kuzifuata.

Jambo lisilobadilika haliwezi kueleza badiliko

Kanuni ya kwanza ni ile itumiwayo katika maabara ya kemia. Iwapo rangi ya maji imebadilika, mchunguzi hatafuti sababu katika kitu kilichokuwamo tangu mwanzo bila kubadilika. Hutafuta kilichoongezwa, kilichopunguzwa, au kilichopashwa moto. Kati ya mwaka 2010 na 2015 wakazi wa Tanga Mjini hawakubadili dini zao, wala hawakubadili makabila yao. Dini na kabila haviwezi basi, peke yake, kueleza kwa nini jimbo lilitoka chama kimoja likaenda kingine, wala kwa nini lilirudi mwaka 2020.

Yaliyobadilika ni mambo mengine. Kwanza, katika uchaguzi wa 2010 vyama vya upinzani viligombea kila kimoja peke yake, lakini mwaka 2015 vyama vinne, yaani CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD, vilikubaliana chini ya jina la UKAWA kuachiana majimbo. Kura zilizokuwa zikitawanyika ziliweza kukusanywa kwa mgombea mmoja. Pili, idadi ya waliojitokeza kupiga kura nchini iliruka: mwaka 2010 walikuwa asilimia 42.8 ya walioandikishwa, na mwaka 2015 wakawa asilimia 67.3. Tatu, Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu mwisho wa 2005 hadi 2008, alitoka CCM Julai 2015 akagombea urais kwa tiketi ya CHADEMA akiungwa mkono na UKAWA.

Haisemwi kwamba dini, kabila na kazi havina maana. Vina maana, lakini maana yake ni ile ya kuni, siyo ya kiberiti. Vinaweza kueleza kwa nini moto ukiwashwa huwaka upande huu zaidi ya ule; haviwezi kueleza ni lini utawaka.

Njia nne ambazo kura hupita

Watu wanaposema kwamba "wapiga kura wamehama", huwaza mtu mmoja aliyekuwa chama hiki jana na leo yuko kile. Hiyo ni njia moja tu kati ya nne.

Njia ya kwanza ni hiyo ya kuhama hasa: mpiga kura yule yule hubadili chama.

Njia ya pili ni ya kupokezana vizazi. Wazee hufariki, na vijana waliotimiza miaka 18 huingia katika daftari. Mtu aliyekuwa na umri kati ya miaka 18 na 27 mwaka 2015 hakuruhusiwa kupiga kura mwaka 2005. Katika miaka hiyo kumi daftari la wapiga kura lilikua kutoka watu wapatao milioni 16.4 hadi milioni 23.2. Hivyo kundi linaweza kubadilika sura bila mtu mmoja kubadili mawazo, kama shamba la michungwa linavyobadilika miti ya zamani inapong'olewa na kupandwa mingine.

Njia ya tatu ni ya kukaa nyumbani. Mpiga kura aliyechoka na chama chake mara nyingi hakiendei chama kingine. Huacha tu kwenda kituoni. Siku ya kuhesabu, kutokuwapo kwake huonekana kama ushindi wa upande wa pili.

Njia ya nne ndiyo isiyotazamwa sana: chama chenyewe huhama. Wapiga kura hukaa pale pale walipo, lakini chama hubadili sera, viongozi, au washirika, na hivyo uhusiano wa zamani hukatika.

Uchaguzi wa 2010 unaonyesha hatari ya kuchanganya njia hizi. Mwaka 2005 Jakaya Kikwete alipata kura 9,123,952, sawa na asilimia 80.3 ya kura halali. Mwaka 2010 alipata kura 5,276,827, sawa na asilimia 62.8. Mwenye kusoma asilimia peke yake atasema kwamba watu wengi mno waliacha CCM wakaenda upinzani. Lakini hesabu ya vichwa yasema jambo jingine. CCM ilipoteza kura 3,847,125. Wagombea wote wa upinzani kwa pamoja walipata kura 2,241,525 mwaka 2005 na 3,121,567 mwaka 2010. Waliongeza kura 880,042 tu. Hata kama kila kura hiyo mpya ya upinzani ingekuwa ya mtu aliyetoka CCM, bado zingebaki kura karibu milioni 3 ambazo hazikwenda kwa mgombea mwingine yeyote. Sehemu kubwa ya badiliko ilikuwa ni watu kutojitokeza. Mwaka 2005 waliojitokeza walikuwa kiasi cha asilimia 72. Mwaka 2010, asilimia 42.8.

Kupima mtikisiko

Mwaka 1979 mtaalamu wa Denmark, Mogens Pedersen, alitoa kipimo chepesi cha kuonyesha jinsi kura zilivyotikisika kati ya uchaguzi mmoja na unaofuata. Hatua zake ni tatu. Andika asilimia ya kila chama katika chaguzi zote mbili. Tafuta tofauti ya kila chama, bila kujali kama ni ya kupanda au ya kushuka. Jumlisha tofauti hizo, kisha gawanya kwa 2. Hugawanywa kwa 2 kwa sababu kila pointi iliyotoka chama kimoja imeingia kwingine, na hivyo imehesabiwa mara mbili. Jibu likiwa 0, hakuna chama kilichopanda wala kushuka. Likiwa 100, vyama vyote vya zamani vimetoweka na vipya vimechukua kura zote.

Uchaguzi wa rais wa 1995, wa kwanza baada ya mfumo wa vyama vingi kurudishwa mwaka 1992, ulitoa matokeo haya: Benjamin Mkapa wa CCM asilimia 61.8, Augustino Mrema wa NCCR-Mageuzi 27.8, Ibrahim Lipumba wa CUF 6.4, John Cheyo wa UDP 4.0. Mwaka 2000 yakawa hivi: Mkapa 71.7, Lipumba 16.3, Mrema, ambaye sasa alikuwa TLP, 7.8, Cheyo 4.2. NCCR-Mageuzi haikuwa na mgombea urais.

Tofauti ni hizi: CCM 9.9, CUF 9.9, TLP 7.8, UDP 0.2, NCCR-Mageuzi 27.8. Jumla ni 55.6, na nusu yake ni 27.8. Kwa njia hiyo hiyo, kipimo cha 2000 hadi 2005 ni 15.8, cha 2005 hadi 2010 ni 21.2, na cha 2010 hadi 2015 ni 12.9, vyama vidogo vikijumlishwa pamoja.

Lakini msomaji makini atauliza: je, mfuasi wa Mrema aliyempigia kura NCCR-Mageuzi mwaka 1995 na TLP mwaka 2000 amehama, au amekaa? Kwa jina la chama, amehama. Kwa mtu anayemfuata, hakuhama hata hatua moja. Tukio hilo likihesabiwa kwa majina ya wagombea badala ya majina ya vyama, tofauti zinakuwa 9.9, 9.9, 20.0 na 0.2, jumla 40.0, na kipimo chake 20.0. Kura ni zile zile, ila kipimo kimeshuka kutoka 27.8 hadi 20.0 kwa sababu swali limebadilika. Namba hujibu swali iliyoulizwa, na ni wajibu wa mchunguzi kulitaja swali lake wazi.

Kijiji cha wapiga kura 100

Liko kosa jingine ambalo hata wasomi wameanguka ndani yake. Chukua kijiji cha kubuni chenye wapiga kura 100. Mara ya kwanza chama cha Jembe kinapata kura 60 na chama cha Ngalawa kura 40. Mara ya pili Jembe kinapata 55 na Ngalawa 45. Watu wangapi wamehama?

Jibu la haraka ni 5. Huenda ni kweli. Lakini pia huenda watu 20 walitoka Jembe kwenda Ngalawa, na watu 15 wakatoka Ngalawa kwenda Jembe. Matokeo ni yale yale, 55 kwa 45, ingawa waliohama ni 35. Sanduku la kura huonyesha tofauti ya mwisho tu, kama salio la daftari la duka lisiloonyesha fedha zilizoingia na kutoka mchana kutwa.

Sasa ongeza kwamba katika kijiji hicho wakulima wa machungwa ni 55. Je, hao ndio waliokipigia Jembe? Idadi zinalingana, lakini kulingana si ushahidi. Mwaka 1950 mtaalamu wa Marekani, W. S. Robinson, alionyesha kwa hesabu kwamba uhusiano unaoonekana kati ya maeneo unaweza kutofautiana kabisa na uhusiano uliopo kati ya watu mmoja mmoja. Kwa mfano, hata kama ingethibitika kwamba kata zenye wakulima wengi zaidi zilikipa chama fulani kura nyingi zaidi, isingefuata kwamba wakulima ndio waliokipa. Huenda waliokipa ni majirani wa wakulima hao.

Kura ya Tanzania ni ya siri, nayo haiandikwi kabila wala dini. Kwa hiyo anayesema kwamba "asilimia fulani ya kabila fulani walichagua chama fulani" kwa kutazama matokeo ya jimbo peke yake, anasema jambo ambalo matokeo hayo hayawezi kulithibitisha. Njia iliyo salama zaidi ni kuwauliza watu wenyewe kwa utafiti wa sampuli, kwa hiari yao, bila kuwataja majina, na kuwauliza tena watu wale wale baada ya uchaguzi unaofuata.

Kamba zinazolifunga kundi

Kundi la wapiga kura halizaliwi likiwa tayari. Hufungwa kwa kamba: chama cha wafanyakazi, ushirika, kanisa, msikiti, shule, klabu ya mpira, au kumbukumbu ya mapambano. Kamba ikiwa imara, watoto hurithi chama cha wazazi kama wanavyorithi shamba. Kamba ikikatika, kizazi kinachofuata huwa huru kwenda kinakotaka.

Mkoa wa Tanga una mfano mkubwa wa kamba iliyokatika. Mkonge uliletwa Afrika Mashariki mwaka 1893 na Richard Hindorf, ukapandwa Pangani. Mashamba yakaenea Muheza, Korogwe na kwingineko, nayo yaliwaita wafanyakazi kutoka mbali sana, walioitwa manamba. Katika kambi za mashamba walikaa watu wa makabila mengi, lugha yao ya pamoja ikiwa Kiswahili na mwajiri wao akiwa mmoja. Miaka ya 1950 vyama vya wafanyakazi na TANU viliota mizizi katika kambi hizo. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 40,000, kamba za nailoni zikiwa zimeteka soko la dunia na mashamba yenyewe yakiwa yamedhoofika. Aliyekuwa mkata mkonge aligeuka mkulima mdogo, mchuuzi, au mkazi wa mjini. Kundi la wafanyakazi wa mashamba, lililoweza zamani kusema kwa sauti moja, lilisambaratika.

Aidha, mtu mmoja huwa na kamba nyingi kwa wakati mmoja. Mbondei wa Muheza anaweza kuwa Mwanglikana wa Magila au Mwislamu, mkulima au mwalimu, kijana au mzee, mwenye ndugu Tanga au Dar es Salaam. Kamba zikimvuta pande tofauti, hawi mateka wa yoyote. Wataalamu wengi huona kwamba jamii yenye kamba zilizopishana hivyo hutulia zaidi kuliko ile ambayo dini, kabila, kazi na makazi vyote vimefungwa upande mmoja.

Jina la chama na mwili wa kundi

Historia ya nchi nyingi huonyesha namna mbili kuu za kuhama. Katika ya kwanza, majina ya vyama hudumu na makundi huvuka kutoka kimoja hadi kingine. Katika ya pili, kundi hudumu pamoja na majina ya vyama hubadilika juu yake.

Marekani ni mfano wa kwanza. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, Wamarekani weusi walioweza kupiga kura walikuwa wafuasi wa chama cha Republican, chama cha Abraham Lincoln, aliyehusika na kukomeshwa kwa utumwa. Weupe wa majimbo ya kusini walikuwa ngome ya chama cha Democratic. Miaka ya 1930, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, Franklin Roosevelt wa Democratic alileta ajira na misaada, na kufikia uchaguzi wa 1936 weusi wengi walikuwa wamehamia kwake. Mwaka 1964 Lyndon Johnson, naye wa Democratic, alitia saini sheria ya haki za raia, na mpinzani wake Barry Goldwater, aliyeipinga sheria hiyo, akashinda majimbo matano ya kusini kabisa. Weupe wa kusini walichukua miaka mingi zaidi kuhama: walianza kwa kura ya rais, wakafuata kwa wabunge na viongozi wa mitaa. Tangu 1876 hadi 1964 ni miaka 88. Makundi hayo mawili yakawa yamebadilishana nyumba, na majina mlangoni yamebaki yale yale. Mtaalamu V. O. Key aliandika mwaka 1955 kwamba ziko chaguzi chache za kuvunja na kupanga upya, ambazo baada yake makundi hukaa katika mpangilio mpya kwa muda mrefu.

Kenya ni mfano wa pili. Wapiga kura wengi wa jamii za Wakalenjin katika Bonde la Ufa walikuwa na KADU kuanzia 1960. KADU ilijivunja mwaka 1964 ikaingia KANU. Chini ya Daniel arap Moi walikuwa nguzo ya KANU katika chaguzi za 1992 na 1997. Mwaka 2007 wengi wao walikuwa na ODM ya Raila Odinga. Mwaka 2013 na URP ya William Ruto. Mwaka 2017 na Jubilee. Mwaka 2022 na UDA. Anayehesabu majina ya vyama ataona mtikisiko mkubwa kila mara. Anayetazama ramani ataona eneo lile lile likitembea pamoja na viongozi wake.

Pemba nayo yafanana na mfano huu wa pili. Kabla ya Mapinduzi ya 1964, chama cha ZPPP kilikuwa na nguvu zake hasa Pemba. Vyama vingi viliporudi, CUF ilishinda viti vyote 21 vya Baraza la Wawakilishi kisiwani Pemba mwaka 1995. Machi 2019, baada ya mahakama kuamua mgogoro wa uongozi wa CUF kwa faida ya Lipumba, Seif Sharif Hamad alihamia ACT-Wazalendo na wafuasi wake wakamfuata, wakishusha bendera moja na kupandisha nyingine. CUF, iliyopata kura 695,667 za urais wa Muungano mwaka 2010, ilipata chini ya asilimia 1 mwaka 2020.

Visiwa hivyo vinakumbusha pia gharama ya kundi na chama kuwa kitu kimoja. Uchaguzi wa Januari 1961 Zanzibar uligawa viti 22: ASP 10, ZNP 9, ZPPP 3. Wabunge wa ZPPP waligawanyika, pande mbili zikawa 11 kwa 11, na uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huo. Katika ghasia zilizofuata watu 68 waliuawa. Julai 1963 ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini ZNP na ZPPP kwa pamoja zilipata viti 18 kati ya 31. Hapo wapiga kura hawakuwa na tatizo la kuhama ovyo. Tatizo lilikuwa kwamba karibu hakuna aliyehama, na hivyo kila upande uliona kushindwa kwake kuwa ni kwa milele.

Sheria hufungua na kufunga milango

Kura haihami ila pale penye mlango. Katika uchaguzi wa kura tatu, ambao ulianza Septemba 1958 katika majimbo ya utawala likiwamo la Tanga, kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Chama cha UTP kilitegemea kanuni hiyo igawe kura kwa rangi. Badala yake TANU iliwaunga mkono wagombea wa rangi zote tatu, nao wakashinda. Mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, ambapo 58 havikuwa na mpinzani.

Kuanzia 1965 hadi 1992 chama kilikuwa kimoja kwa sheria. Katika kura ya wabunge wagombea wawili wa chama hicho walishindana kwa alama za jembe na nyumba. Haikuwezekana kuhama chama, lakini kuhama mtu kuliwezekana, na mwaka 1965 hata baadhi ya mawaziri walishindwa. Nguvu ya kubadili iliyokatazwa mlango mmoja ilitokea mwingine.

Kwa sababu hiyo kipimo cha mtikisiko kinahitaji uangalifu pale milango inapokuwa na mabishano au inapofungwa. Kati ya 2015 na 2020 kipimo hicho ni 27.0, CCM ikipanda kutoka 58.5 hadi 84.4, lakini vyama vikuu vya upinzani vilikataa matokeo ya 2020. Katika uchaguzi wa Oktoba 2025, ambao Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa asilimia 97.66, CHADEMA na ACT-Wazalendo hazikuwa na wagombea urais wa Muungano kwenye karatasi ya kura. Mfuasi wa chama ambacho hakimo katika karatasi hawezi kuonekana amehama au amekaa. Mizani haipimi kisichowekwa juu yake.

Zoezi kwa darasa

Walimu wa hesabu, uraia na historia wanaweza kutumia matokeo ya rais ya 2010 na 2015. Mwaka 2010: CCM 62.8, CHADEMA 27.1, CUF 8.3, wengine 1.8. Mwaka 2015: CCM 58.5, CHADEMA 40.0, wengine 1.5, CUF haikuweka mgombea kwa kuwa ilikuwa ndani ya UKAWA. Kura za CCM zilikuwa 5,276,827 mwaka 2010 na 8,882,935 mwaka 2015.

Wanafunzi na wafanye haya. Kwanza, wakokotoe kipimo cha mtikisiko na kuhakikisha kwamba wanapata 12.9. Pili, waeleze inawezekanaje asilimia ya CCM ishuke huku kura zake zikiongezeka kwa zaidi ya milioni 3.6. Tatu, wajumlishe kura za CHADEMA na CUF za 2010 kuwa fungu moja na kukokotoa upya; watapata 4.6, na waseme ni swali gani lililobadilika. Nne, kila mwanafunzi aandike sababu moja aliyopata kuisikia nyumbani au barazani juu ya matokeo ya jimbo lake, bila kumtaja aliyeisema, kisha aipime kwa kanuni ya kwanza ya makala haya: je, jambo hilo lilibadilika kati ya uchaguzi mmoja na mwingine, au lilikuwapo muda wote?

Katika zoezi la nne mwalimu asiwaulize wanafunzi wala wazazi wao walimpigia kura nani. Siri ya kura ni haki ya raia, na uchunguzi mzuri unaweza kufanyika bila kuigusa.